MBOLEA NI MSHAHARA: TUSIIPEPERUSHE HEWANI

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mtu wa genge la njia, katika mkutano wa tawi, Nakuru)



Mimi si Bwana Shamba. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na tangu hapo kazi yangu ni koleo na mataruma. Lakini Mwenyekiti alinisikia wakati wa chai nikisimulia habari ya mbolea, akaniambia niilete mbele yenu, maana ni habari ya fedha zetu.

Wengi wetu tumepanga vyumba hapa mjini, lakini tunalima Bahati, Subukia, Njoro, Molo au Elburgon. Mvua za Machi zikikaribia, mshahara wa Reli hugeuka mbegu na mbolea. Mnakumbuka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, gunia la kilo 50 lilivyopita shilingi 6,000 madukani. Serikali ikaleta ruzuku, likauzwa 3,500 katika maghala ya Bodi ya Nafaka, na mwaka 2023 likashushwa mpaka 2,500. Hata kwa bei hiyo, kila mtu ahesabu mwenyewe ni jasho la siku ngapi.

Sasa nitaungama kosa langu. Mwaka juzi nilipata siku mbili tu za kwenda nyumbani Bahati, kwa mama mzazi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, magugu hayajapaliliwa, udongo mkavu. Kwa haraka yangu nikachukua magunia mawili ya CAN nikayamwaga kwa mkono juu ya ekari moja, kama mtu anayelisha kuku. Jioni mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi tukaziona punje za mbolea zimejaa katika mfereji unaoelekea mtoni. Mama akanitazama akasema, "Mwanangu, umeulipia mto karo." Tulivuna magunia 11.

Mwaka uliofuata mama alinikataza kugusa mbolea. Alipalilia kwanza, akangoja udongo upate unyevu, kisha akaweka kifuniko kimoja cha soda, kisichojaa kupita ukingo, kwa kila shina la mahindi mawili, kando kidogo ya shina, akafukia. Gunia moja lilimaliza ekari. Tulivuna magunia 14. Sisemi yote ni kwa sababu ya kifuniko, maana mvua nayo ilikuwa njema. Lakini tulitumia nusu ya fedha, na hatukukosa chakula.

Ndugu zangu, mbolea ile nyingine ilikwenda wapi? Sehemu ilikwenda mtoni, hilo tuliliona. Sehemu nyingine ilikwenda juu, na hiyo haikuonekana kwa macho. Chakula kikubwa kilichomo katika CAN na urea huitwa naitrojeni. Mahindi yasipoila, vijidudu vya udongo huila, na udongo ukiwa umelowa sana huitoa kuwa gesi iitwayo naitrasi oksaidi. Gesi hiyo hukaa hewani zaidi ya miaka 100, ikizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi. Kilo moja yake huzuia joto kama kilo 270 hivi za moshi wa ukaa unaotoka katika injini zetu za dizeli.

Hapo ndugu mmoja wa karakana alinijibu: "Hewa imeharibiwa na viwanda vya Ulaya, Marekani na China. Kwa nini unihesabie mimi kifuniko cha soda?" Neno lake ni la haki. Wakuu wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006, walikiri kwamba wakulima wetu walitia kilo 8 tu za chakula cha mimea kwa hekta, wakaazimia ifike 50. Kwa hiyo asije mtu kutuambia tuache mbolea, watoto wetu walale njaa ili wengine waendelee kuendesha magari yao. Na wataalamu waliopima mashamba ya mahindi kule Yala waliona kwamba mbolea ikiwa ya kiasi, gesi ni kidogo mno. Huzidi kwa kasi mtu anapopita kama kilo 100 za naitrojeni kwa hekta, yaani magunia matatu ya CAN kwa ekari. Hoja yangu basi si kupunguza chakula cha mahindi, ila kuacha kulisha mto na hewa.

Tena joto hilo linatupata sisi kwanza. Hewa yenye joto hubeba maji mengi, na mvua ikishuka hushuka kwa hasira. Watu wa genge hawawezi kusahau tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu. Wizara ya Maji ilieleza kwamba kalvati chini ya tuta la reli liliziba, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakapasua. Watu zaidi ya 50 walikufa. Mvua zikizidi nguvu, ni sisi tutakaotumwa usiku kuzibua kalvati.

Basi haya ndiyo niliyojifunza:

Kwanza, tupime. Hakuna genge linalotandika reli kwa kukisia. Tuna kipimo cha mita moja, na kikikosewa gari linaanguka. Shamba nalo lina kipimo. Mistari ikiwa sentimita 75, na mashimo sentimita 50, ekari ina mashimo karibu 10,800. Kifuniko kimoja kwa kila shimo ni gunia moja.

Pili, tugawe mara mbili. DAP wakati wa kupanda, CAN mahindi yakifika magotini, baada ya palizi. Mche mchanga hauwezi kula chakula cha mwezi mzima kwa siku moja.

Tatu, tufukie, na tusiweke wakati mawingu mazito yametanda.

Nne, samadi ya ng'ombe ifunikwe. Ikiachwa juani na mvuani, nguvu yake hupotea kabla haijafika shambani. Na tupande maharagwe kati ya mahindi, maana mizizi yake huvuta naitrojeni ya hewani bila malipo.

Tano, tupime udongo. DAP ikitiwa miaka mingi huongeza uchachu wa udongo, na udongo mchachu hauyapi mahindi chakula hata ukiongeza magunia. Dawa yake ni chokaa ya shamba, na mawe yake yanachimbwa Koru, kando ya njia yetu ya Kisumu. Watu wa Njoro wana kituo cha utafiti cha KALRO na Chuo Kikuu cha Egerton karibu, waende wakaulize.

Sasa ombi langu kwa Chama. Sikumwaga mbolea kwa ujinga tu. Nilimwaga kwa sababu nilikuwa na siku mbili. Mtu aliyenyimwa nafasi hufanya kazi ya pupa. Naomba Kamati ipeleke kwa waajiri shauri hili: wenye mashamba waruhusiwe kuigawa livu yao ya mwaka, siku chache wakati wa kupanda na siku chache wakati wa palizi, kwa zamu, ili njia isikose watu. Hatuombi siku hata moja ya zaidi. Tunaomba tu livu igawanywe kama mbolea, ifike wakati inapohitajiwa.

Tulipigania mshahara huu pamoja. Tusiuache uende na maji.

Umoja ni nguvu.