Nyigu Anajua? Silika na Kujitambua katika Swali la Ufahamu

Wenzangu walimu, naanza na karatasi ya mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu, ambayo niliisahihisha vibaya.

Kifungu nilikitunga mwenyewe kutokana na kazi ya Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyetumia umri wake kuwachungulia wadudu. Nyigu mchimbaji humchoma nyenje mwiba, akampooza, akamburura hadi kwenye shimo atakalotagia. Humwacha mlangoni, huingia kukagua, kisha hutoka na kumvuta ndani. Fabre alingoja nyigu aingie, akamsogeza nyenje kidogo. Nyigu alipotoka alimrudisha mlangoni, akaingia kukagua upya. Fabre akamsogeza tena. Alirudia mara 40, na kila mara nyigu alikagua shimo alilotoka kulikagua punde tu.

Swali likawa: “Je, nyigu anajua anachokifanya? Thibitisha. (alama 3)” Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema: “La, ni silika.” Wengi waliandika kwamba nyigu ana akili sana, maana hakurupuki kuingiza chakula. Huyu mmoja akaandika: “Nyigu ana silika ya kukagua. Kama anajua au hajui, kifungu hakikusema.” Nikampa alama 1. Alistahili zote 3.

Jaribio la Fabre linaonyesha kwamba hatua za nyigu zimefungamana: akimweka nyenje mlangoni, lazima aingie kwanza. Halionyeshi kama anahisi chochote anapozifuata. Silika inatueleza tendo limetoka wapi, yaani kiumbe amezaliwa nalo, hakufunzwa. Kujitambua ni swali jingine kabisa. Mtoto mchanga hulishika titi bila kufundishwa. Nani hapa atasema hahisi njaa? Na Fabre mwenyewe aliwakuta kwingine nyigu wa aina ileile ambao, baada ya kusumbuliwa mara mbili tatu, walimshika nyenje na kuingia naye moja kwa moja. Sehemu hiyo niliiacha kwa sababu iliharibu jibu langu.

Vipi wale waliomsifu nyigu kwa akili? Nao niliwakosesha mwenyewe. Nilitumia kitenzi “kukagua”. Anayekagua ni mkaguzi, na mkaguzi ana nia. Kiswahili tayari humpa mdudu upatanisho wa mtu, anaingia, anatoka, na watoto wetu wamelelewa na Sungura anayepanga njama. Kitenzi hicho kikamalizia kazi. Ningeandika “huingia shimoni na kutoka”, nadhani nusu ya majibu yale yasingezaliwa.

Kwa hiyo safari hii nimeleta mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mizinga ya nyuki wa porini. Hutaga katika viota vya ndege wengine, kwa hiyo kinda halilelewi na wazazi wake wala halifundishwi nao kuongoza. Hapo mwanafunzi ataandika “silika”, na hatakuwa amekosea. Lakini Wahadza wa Tanzania humwita mlembe kwa mluzi, na Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mguno wa kutetemesha ulimi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mlembe wa kila upande huitikia wito wa wenyeji wake kuliko ule wa wageni: zaidi ya mara tatu Tanzania, na karibu mara mbili Msumbiji. Hilo inaelekea amejifunza. Silika na kujifunza vimo katika ndege mmoja, na bado hatujagusa kama anajitambua.

Swali nimeligawa: “(a) Taja tendo la mlembe ambalo hakufunzwa, na uonyeshe ushahidi wake kifunguni. (b) Taja ambalo inaelekea amejifunza. (c) Ni jambo gani kuhusu nafsi ya mlembe ambalo kifungu hakituwezeshi kulijibu?” Sehemu (c) ina alama nyingi kuliko zote, kwa makusudi.

Kifungu kimo kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Tujibu kwa dakika kumi, kisha kila mmoja amsahihishe jirani yake bila mwongozo.