KIINI CHA BOTI: POVU AU MBAO?
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Wengi wenu mmetuuliza swali moja: mtu akitaka kujitengenezea boti ya faiba kwa mikono yake baada ya saa za kazi, atie povu katikati au atie mbao? Swali hili si dogo. Pesa za vifaa hivyo zatoka katika mshahara, na boti ikiharibika hakuna wa kuturudishia. Kwa hivyo twataka kulijibu waziwazi.

Kwanza tuelewe kazi ya kiini. Ulaze ubao kwa ubapa juu ya mawe mawili, kisha uukanyage, utapinda. Usimamishe ubao ule ule kwa ukingo wake; hautapinda. Unene ndio uletao ugumu: unene ukizidi mara mbili, ugumu huzidi mara nane. Boti ya kiini hufuata kanuni hiyo. Ina maganda mawili membamba ya faiba, la nje na la ndani, na kati yake kitu chepesi cha kuyatenga. Hivyo huwa ngumu bila kuwa nzito. Wazo hili si geni. Ndege ya Waingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, ilikuwa na kiini cha mti wa balsa kati ya plaiwudi mbili nyembamba.

Sasa tutazame povu. Povu gumu la PVC, lililofanywa kwa kazi ya boti, lina uzito wa kilo 80 hivi kwa mita moja ya ujazo. Haliozi, wala halinywi maji kama sponji. Lakini lenyewe lina nguvu kidogo, hivyo maganda hayana budi kubeba mzigo karibu wote. Faiba na rezini zitahitajika zaidi, na gharama itapanda.

Tena, si kila povu ni povu la boti. Kosa hilo tulilifanya sisi wenyewe. Tulichanga pesa, tukanunua povu jeupe kama la maboksi ya samaki, kwa kuwa muuzaji alituambia yote ni mamoja. Tulipolipaka rezini ya poliesta liliyeyuka mbele ya macho yetu, likabaki mashimo matupu. Akiba ya miezi mingi ilipotea kwa asubuhi moja. Povu hilo na poliesta havipatani kamwe.

Na mbao je? Hupasuliwa fito nyembamba, zikaunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu juu ya mataruma ya muda, zikalainishwa kwa randa, kisha zikafunikwa faiba pande zote mbili. Mbao hizi hubeba mzigo zenyewe kwa urefu wa boti, kwa hivyo faiba nyembamba yatosha. Msumeno, randa na gundi ni vyombo tunavyovijua. Ila mbao ni nzito kuliko povu, na zikiingiwa na maji huoza. Balsa, ambayo nyingi hutoka Ecuador, ni nyepesi, kilo 150 hivi kwa mita ya ujazo. Lakini maji yakipenya huoza kwa siri kati ya maganda, na mwenye boti hajui mpaka sitaha ibonyee chini ya mguu wake.

Shauri letu ni hili. Aliye na ufundi wa useremala na mfuko mdogo, boti yake ndogo aijenge kwa fito za mbao. Awezaye kununua povu la kweli pamoja na faiba ya kutosha, atumie povu. Lakini lo lote utakalochagua, linda matundu. Mahali pa bolti ondoa kiini laini, utie mbao ngumu au faiba tupu. Penye mbao, toboa kwa keekee tundu kubwa kuliko bolti, ulijaze epoksi nzito, ikikauka utoboe tena katikati yake. Boti nyingi za kiini huharibiwa na tundu moja lililoachwa wazi.

Mwisho, afya zetu. Moshi wa poliesta huumiza kichwa na mapafu. Epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta ugonjwa wa ngozi usioisha. Vumbi la mbao, likivutwa miaka mingi, laweza kuleta kansa ya pua. Fanyeni kazi penye upepo, mvae glavu na barakoa ya kufaa. Boti yaweza kujengwa tena, lakini mapafu hayana duka.

Basi, ndugu, asinunue mtu peke yake kwa kuamini maneno ya muuzaji. Chukueni kipande kidogo kwanza, mkipake rezini mtakayotumia, mkae usiku mmoja, mkitazame asubuhi pamoja. Jaribio la senti chache laokoa mshahara wa mwaka.

Umoja ni nguvu.