Hodari wa Nini?



Hesabu za miaka kumi mmekwisha kusomewa na Mtunza Hazina. Mimi naomba niseme juu ya neno moja tu, ambalo leo tumelitumia sana katika kusifiana: nalo ni neno hodari.

Mtu hodari ni shujaa. Ni mwenye nguvu. Ni mwenye bidii. Tena ni yule aijuaye kazi yake na kuitimiza ipasavyo. Neno hili ni la jamii moja na safi, bora na tayari, ambayo hayageuki kwa kumfuata anayesifiwa. Twasema mvivu mmoja, wavivu wawili; lakini mtu mmoja ni hodari, na watu mia ni hodari vile vile. Mwenyekiti hana hodari yake kubwa, wala mchukuzi wa magunia hana yake ndogo.

Lakini neno hili hupenda kufuatwa na jambo. Twasema hodari wa kulima, hodari wa kuogelea. Na twawajua pia hodari wa kula na hodari wa maneno. Basi sifa hii haijatimia mpaka tuulize: hodari wa nini?

Swali hilo nilifundishwa na mama mmoja, mwanachama wetu. Msimu mmoja wa pamba tulikuwa na karani kijana mwenye mkono mwepesi ajabu. Mizani ingali ikitikisika, yeye amekwisha kuandika. Safu ya wakulima ilikwisha kabla ya adhuhuri, nami nikamsifu mbele ya watu wote: "Huyu ndiye karani hodari!" Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana akazidi kuharakisha, hata akawa anaiacha nusu kilo kila ilipotokea, ili kujumlisha kuwe rahisi.

Mwisho wa juma, pamba ya ghalani ilizidi jumla ya stakabadhi kwa kilo 150. Nusu kilo ni kitu kidogo. Lakini mizigo 300 iliyopunjwa nusu nusu ndiyo kilo 150. Pamba ilikuwapo, mwenyewe hakujulikana, maana daftari halikuonyesha nusu ya mtu yeyote. Mkutano ukaamua fedha zake zigawanywe kwa idadi ya mizigo. Hata hivyo aliyepunjwa sana alipata pungufu, na asiyepunjwa akapata kisicho chake.

Ndipo yule mama aliposimama akasema, "Mwanangu Katibu, ulimsifu kijana kuwa hodari. Hodari wa nini? Wa kupima, au wa kumaliza?" Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa la karani, lakini sifa ilikuwa yangu.

Mabibi na mabwana, mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28 walianzisha duka dogo la ushirika, wakauza siagi, sukari, unga na mishumaa. Walikuwako wenye maduka makubwa kuliko lao. Wao walishika kwamba bidhaa isichanganywe na kitu, na kipimo kiwe kamili. Walikuwa hodari wa kupima, na kwa hiyo twawakumbuka hata leo.

Kwetu sisi, tangu mkutano ule, karani husubiri sindano ya mizani itulie; husoma uzito kwa sauti, mkulima akitazama kwa macho yake; ndipo huandika, pamoja na nusu yake. Safu imekuwa ndefu, na wako wanaonung'unika kwa jua. Ndugu wanachama, nawaomba radhi kwa jua hilo. Kwa nusu kilo, sitaki kuwaomba radhi tena.