Kutoka Wizarani hadi Wilaya Changa

Mnaniuliza kwa nini niliacha wizara nikaja Matai. Kalambo ni wilaya changa: ilimegwa kutoka Sumbawanga mwaka 2012, kama Rukwa yenyewe ilivyomegwa kutoka Mbeya na Tabora mwaka 1974. Wizarani, jalada nikishalitia sahihi lilikwenda kwa mwingine. Sikujua liliishia wapi. Huku asubuhi naandika bajeti, mchana nawasikiliza wakulima wa mahindi wakiulizia mbolea, jioni wale wale nakutana nao sokoni wakidai majibu. Mshahara haukupanda, na baridi ya Ufipa mnaijua. Mke wangu alinuna miezi mitatu! Hata hivyo sirudi. Anayetaka kuhamia huku tuonane baada ya chakula.