Fidia Isiyofika Jikoni



Mhadhara wa leo unawahusu watu wanaohamishwa kupisha mabwawa, barabara, bandari na mabomba ya mafuta. Sikuja kuipinga miradi hiyo. Umeme tunautaka na barabara tunazihitaji. Hoja yangu ni moja: utaratibu wa fidia huhesabu vitu vyenye mwenyewe kwenye karatasi, ilhali ustawi wa mama na mtoto hutegemea sana vitu ambavyo karatasini havina mwenyewe.

Nianze na bwawa la Kariba, maana ni uhamishaji mchache sana barani Afrika uliofuatiliwa kwa muda mrefu kama ule. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Watonga wapatao 57,000 wa bonde la Gwembe, ng'ambo zote mbili za mto Zambezi, waliondolewa ili bwawa hilo lijengwe. Wanaanthropolojia Elizabeth Colson na Thayer Scudder walifika bondeni mwaka 1956, watu wakiwa bado kwao, wakaendelea kurudi kwa miongo kadhaa.

Waliyoyakuta yanafundisha. Kwenye kingo za mto, ambako mafuriko yaliacha udongo mpya kila mwaka, wanawake walikuwa na mashamba yao wenyewe. Watonga hufuata ukoo wa mama, na mwanamke aliweza kupata shamba la mtoni kupitia ukoo wake. Maji yalipozifunika kingo zile, watu walipewa pori. Waliolifyeka ni wanaume, na kwa desturi anayefyeka ndiye mwenye shamba. Hivyo mwanamke aliyeondoka kwao na shamba lake alifika ugenini akiwa mlimaji wa shamba la mume. Hakuna sheria iliyomnyang'anya. Alipokonywa na utaratibu wa kuhama wenyewe.

Watu wapatao 6,000 walipelekwa Lusitu, kiasi cha kilomita 160 kutoka kwao. Kuhara kuliua watoto wengi. Mwaka 1959 ukazuka ugonjwa wa ghafla ulioua zaidi ya watu 50, karibu wote wanawake na watoto. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni sumu ya mimea ya porini. Mama aliyejua kwao ni jani lipi huliwa na mzizi upi huachwa, sasa anachuma mboga mahali asipopajua, na wanaokula kile alichochuma ni yeye na wanawe. Maarifa yake hayakuwamo kwenye orodha ya mali.

Mtaniambia hayo yalikuwa ya wakoloni, na kwamba sisi tuna sheria. Ni kweli. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho za usumbufu, usafiri na makazi, hasara ya faida, na hata riba fidia inapocheleweshwa.

Lakini tumfuate mthamini hadi uani. Anapima nyumba, anahesabu migomba na miembe, kisha anaandika jina la mwenye mali, ambalo mara nyingi ni la baba. Mihogo anayokaanga mama barazani kila jioni haina leseni wala daftari, kwa hiyo hasara yake haithibitiki. Kuni za msitu wa kijiji, kisima kilicho karibu, jirani anayebaki na mtoto mama anapokwenda zahanati: hayo hayana safu katika fomu.

Kisha kuna kungoja. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ya mwaka 2023 kuhusu watu wanaopisha mradi huo upande wa Uganda ilieleza habari za familia zilizongoja fidia kwa miaka, huku watoto wengine wakiacha shule kwa kukosa karo. Pesa iliyochelewa huweza kulipiwa riba. Mwaka wa masomo uliompita mtoto haulipiki.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, fomu ya uthamini ibebe majina ya wenzi wote, na malipo yasitoke bila saini zao. Kwenye ndoa ya wake wengi, kila mke aandikwe kwa shamba alimalo. Pili, maji, shule na zahanati viwe vinafanya kazi kabla ya kaya ya kwanza kuhamia. Tatu, anayeishi kwa kulima apewe kwanza nafasi ya kuchagua ardhi badala ya fedha.

Nanyi wanafunzi wa uthamini, sheria na uhandisi, kesho ndinyi mtakaoingia nyua hizo. Kabla hamjafunga fomu, muulizeni mama wa nyumba anachota maji wapi, kuni anapata wapi, anauza nini, na mwanawe anaangaliwa na nani. Majibu yake yaandikeni, kisha hakikisheni yanalipwa.