Mgeni wa Bwawa la Crofton

Msikilizaji, anayetoka Lanham, kitongoji cha jiji la Washington, akafuata barabara ya Annapolis kuelekea mashariki, hufika Crofton baada ya kilomita 15 hivi. Huko, nyuma ya maduka ya kawaida tu, lipo bwawa dogo ambalo mwaka 2002 liliitia hofu Marekani nzima.

Mvuvi mmoja alinasa samaki asiyemfahamu, akampiga picha, akamrudisha majini. Wataalamu walipoiona picha hiyo walimtambua: ni kichwa-nyoka kutoka China, mla samaki wenzake, ambaye kama kamongo wa Afrika hupumua hewa, na aweza kuishi siku kadhaa nje ya maji mradi ngozi yake isikauke. Ilibainika kwamba mkazi mmoja alikuwa ameagiza wawili wakiwa hai kutoka soko la New York, ili ampikie dada yake mgonjwa supu ya kumtia nguvu. Dada akapona kabla ya supu. Samaki wakafugwa nyumbani hadi ulaji wao ulipomshinda mwenyewe, akawatia bwawani. Balaa lilizaliwa na huruma.

Septemba 2002 jimbo la Maryland lilimwaga bwawani sumu ya rotenoni, ile ile iliyomo katika utupa, mmea wautumiao wavuvi wa mito ya Afrika Mashariki tangu zamani. Wakaelea wakubwa sita na watoto zaidi ya 1,000. Mwezi uliofuata serikali kuu ikapiga marufuku kuingiza nchini samaki hao wakiwa hai. Lakini mwaka 2004 wakaonekana katika mto Potomac, na uchunguzi wa nasaba ukaonyesha kuwa hawakutokana na wale wa Crofton. Kumbe kulikuwa na mkono mwingine.

Leo wameenea katika mito inayomiminika Ghuba ya Chesapeake, na Maryland yahimiza waliwe. Mvuvi hana kikomo cha idadi wala ukubwa, ila anayeondoka naye sharti amuue kwanza. Mwaka 2024 sheria ya jimbo ikambatiza jina jipya, Chesapeake Channa, ili mlaji asimfikirie nyoka.

Wenyeji wa Ziwa Victoria wanayajua haya. Sangara alipandikizwa ziwani humo miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980, yeye pamoja na kuchafuka kwa maji walikuwa wamekwisha kuangamiza aina nyingi za furu, zinazokadiriwa kuwa mamia. Kisha vikaja viwanda. Minofu ikasafirishwa Ulaya, na maskini wa Mwanza wakabaki na mapanki. Tangu hapo nani angetaka sangara aondoke? Leo kanuni za uvuvi zamlinda: ni marufuku kumvua aliye chini ya sentimita 50.

Kichwa-nyoka hajapata ulinzi wa namna hiyo. Hata hivyo, tayari wapo Maryland wenye mashua ambao hulipwa kuwapeleka wageni kumvua, na riziki yao yamtegemea yeye.