Motokaa Inywayo Kidogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Nairobi)



Wengi wetu twataka mkopo katika chama chetu cha akiba ili tununue motokaa ya jamaa. Swali lililoletwa ni hili: tununue ya petroli tupu, au ile iitwayo haibridi, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya stima? Haibridi bei yake ni kubwa zaidi. Je, fedha hizo zitarudi?

Sisi watu wa reli hatuna haja ya kushangaa. Injini zetu za dizeli hazizungushi magurudumu zenyewe. Huzungusha jenereta, nayo jenereta hupeleka stima katika mota za magurudumu. Injini nyingi ziteremkapo mlima, mota hizo hugeuka kuwa jenereta zikaizuia treni. Lakini stima ile hupotea bure, ikawa joto tu. Haibridi haiitupi. Dereva akanyagapo breki, mota hutengeneza stima na kuiweka katika betri, na motokaa ikiondoka hutumia stima hiyo hiyo. Tena ikisimama katika msongamano, injini yake huzimika mara nyingi, hali ile ya petroli tupu kwa kawaida huendelea kunywa.

Basi tutazame hesabu. Serikali ya Marekani hutangaza vipimo vya motokaa, zote kwa njia moja. Toyota Corolla ya petroli ya mwaka 2023 mjini ilipewa kilometa 13.6 kwa lita, na haibridi 22.5. Katika barabara kuu, ya petroli 17.4, na haibridi 19.6. Kwa hiyo mwenye kwenda kilometa 1,000 mjini kila mwezi ataokoa lita 29 hivi. Mwenye kwenda 1,000 za barabara kuu ataokoa 6 tu, maana huko breki hukanyagwa kwa nadra.

Kwa hiyo jibu si moja kwa wote. Mwenzetu aendeshaye teksi mjini baada ya zamu atapata faida. Mwenzetu ambaye motokaa yake hulala siku nyingi, akaitoa kwenda kwao tu, afadhali anunue ya petroli ya bei nafuu.

Lakini tujihadhari na betri. Motokaa nyingi tununuazo zimekwisha kutumika Japani miaka mingi. Mwenzetu mmoja alinunua haibridi bila kupimiwa betri. Ilikufa kabla hajamaliza mkopo, na kila senti aliyookoa kwa petroli ikaliwa na betri mpya. Mshahara wake ulikatwa vile vile.

Kwa sababu hiyo twaomba halmashauri ikubali mambo mawili. Kwanza, mkopo wa haibridi usitolewe mpaka fundi ameipima betri na kuandika cheti. Pili, kila mwenye motokaa aweke daftari: ajaze tangi, aandike kilometa, ajaze tena, kisha agawanye kilometa kwa lita. Baada ya miezi mitatu tutakuwa na hesabu zetu wenyewe za barabara zetu, wala hatutadanganywa na muuzaji.

Mali bila daftari hupotea bila habari.